Gugu la Saa Kumi

Hakuwa na cheti. Hakuwa na ofisi, wala meza, wala ufunguo wa mlango wowote wenye zulia ndani. Hakuwa na darubini ya kwake. Ile aliyoazimwa kazini ilikuwa na jicho moja zima na jingine lenye ukungu. Hakuwa na mke tena, na meno mawili ya mbele yalikuwa yamemtangulia mke. Hakuwa na kitu chochote chenye jina lake juu yake, isipokuwa kitambulisho, nacho kilikuwa kimechakaa hata picha ikafanana na ya mtu mwingine. Na hakuwa na uwezo wa kusahau dharau. Hilo ndilo lililomponza.

Alichokuwa nacho ni madaftari ishirini na mawili na mwandiko mzuri.

Kwa miaka thelathini na mmoja aliandika vibao vya miti katika hifadhi ya wanyama iliyopakana na jiji. Jiji lilikuwa karibu mno. Twiga akiinua shingo kula mgunga, kichwa chake kilionekana kati ya maghorofa mawili kana kwamba naye anasubiri lifti. Ngiri walichimba mizizi huku honi zikilia ng'ambo ya uzio, na wala hawakugeuka. Kazi yake yeye ilikuwa kukata bati, kulipaka rangi ya kijani, kuandika jina la mti kwa brashi nyembamba, kisha kulifunga kwenye shina kwa waya uliolegezwa kidogo ili mti upate nafasi ya kunenepa. Kwa sababu hiyo kila mtu alimwita Kibao.

Mlinzi wa lango, rafiki yake wa siku nyingi, aliitwa Filimbi ingawa filimbi yenyewe ilishapotea. Kila asubuhi utani ulikuwa ule ule.

"Kibao, leo umempiga nani?"

"Wa kwanza utakuwa wewe. Geuza shavu."

Kusoma alijifunza ukubwani, kwenye madarasa ya jioni, akiketi kwenye dawati la watoto, magoti yakikaribia kidevu. Mwalimu alimfundisha kwamba jina la mtu au la mahali huanza kwa herufi kubwa, naye akalishika somo hilo kama dini. Alipopewa orodha ya majina ya kitaalamu ya miti, orodha ilikuwa imepigwa chapa kwa herufi kubwa tupu, mwanzo hadi mwisho. Kila jina lilikuwa na maneno mawili. Kibao alikaa akatafakari. La kwanza, akajiambia, ni la mti. La pili ni la baba yake. Na mtu gani mwenye adabu huandika jina la baba kwa herufi ndogo? Akaandika vibao mia moja na kumi na vinne, kila mti na baba yake, wote kwa heshima.

Hakuna aliyemwambia kitu. Wageni walisoma, wakapiga picha, wakapita.

Upande wa kusini wa hifadhi, karibu na uzio, kulikuwa na mahali palipoitwa uwanda wa mawe. Wageni hawakupelekwa huko kwa sababu hapakuwa na simba wa kuonyeshwa. Palikuwa na mwamba bapa wenye nyufa, kobe wawili watatu, kwale, na ndege wadogo wale waitwao chozi. Ndani ya nyufa kuliishi mmea mmoja mdogo wenye kitunguu kisichozidi ukubwa wa gololi. Miezi kumi na moja ulikuwa haupo, au ulikuwepo kama jani moja la kijivu ambalo hata swala hakulishughulikia. Mvua za kwanza za mwaka zikinyesha, siku ya tisa ulitoa ua. Ua lilifunguka saa kumi alasiri, si saa tisa na nusu wala saa kumi na moja, na kabla ya jua kutua lilikuwa limejifunga. Lilifanya hivyo siku tatu, kisha basi, mpaka mwaka mwingine. Lilikuwa jeupe, dogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, lenye mstari mmoja wa zambarau. Nyuki wa aina moja tu walilijia, wadogo weusi wasio na mwiba.

Mmea huo haukuwa kwenye orodha. Kibao alitafuta jina lake katika kila kitabu alichowahi kuazima, na hakulipata. Akauita saakumi, kwa neno moja. Kila mwaka alikwenda na saa yake ya mkononi, akahesabu maua, akaandika. Hakumwambia mtu. Alikuwa akingoja siku atakayokuja mtu wa kuambiwa.

Mtu huyo alikuja miezi mitatu kabla Kibao hajastaafu. Hifadhi ilitaka kujua kila kinachoota upande wa kusini, basi ikaagiza mtaalamu. Alikuwa kijana nadhifu, kofia mpya, viatu vipya, kalamu nne mfukoni. Mkuu wa hifadhi akamwambia Kibao ampeleke.

Ilikuwa siku ya tisa tangu mvua ya kwanza. Usiku uliopita Kibao alikuwa amepiga pasi shati. Alikuwa na daftari la mwaka ule chini ya kwapa, na maneno ya kuanzia ameyapanga: "Bwana mtaalamu, kuna kitu ningependa ukione."

Walipita kwanza njia ya miti. Mtaalamu alisimama mbele ya mkuyu, akaweka kidole juu ya kibao.

"Nani ameandika hivi?"

"Mimi," Kibao akasema, akijiweka sawa kupokea sifa.

"Mzee wangu, neno la pili linaanza kwa herufi ndogo."

"La pili ni la baba."

Kijana akamtazama, kisha akamgeukia dereva wake aliyekuwa akiwafuata na chupa ya maji. "Umesikia? Eti la baba!" Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo lililouma zaidi. Walicheka kama mtu anavyocheka mtoto anapoita mwezi taa. "La kwanza ndilo la ukoo, mzee. La pili ndilo la mti wenyewe. Umeupindua ukoo mzima. Viko vingapi hivi?"

"Mia moja na kumi na vinne."

"Na vyote hivi hivi?"

"Vyote."

"Basi umekosea kwa bidii," kijana akasema. Akatoa simu akapiga picha kibao cha mkuyu, akasogea akapiga na cha mgunga.

Walikwenda mpaka uwanda wa mawe. Ilikuwa saa nne asubuhi. Machipukizi yalikuwa yamefumba, ya kijani, kama punje za mpunga zilizosimamishwa. Mtaalamu aligusa moja kwa ncha ya kiatu.

"Na hiki nini?"

Jibu lilikuwa chini ya kwapa la Kibao. Maneno yalikuwa mawili tu: subiri kidogo. Keti hapa kivulini, subiri saa kumi.

"Gugu," akasema.

"Lina jina?"

"Tangu lini gugu likawa na jina?"

"Ni la kawaida?"

"Liko kila mahali."

Mtaalamu akatia alama kwenye karatasi yake. Saa sita alikuwa ameshaondoka, na vumbi la gari lake limetua.

Saa kumi saakumi ikafunguka. Kibao alikuwa amesimama pale pale peke yake, shati limekunjamana. Alihesabu maua mia tatu na kumi na moja. Hayakuwahi kuwa mengi hivyo. Nyuki wakaja. Nyuma ya uzio vioo vya jiji vilikuwa vinameta. Alijisikia ameshinda. Akafungua daftari, akaandika kwa mwandiko wake mzuri: *Mtaalamu amekuja saa nne. Nimemwambia gugu. Si amesoma? Yamefunguka 311.*

Alistaafu. Walimpa saa ya ukutani na soda.

Ripoti ilitoka baada ya miezi saba. Filimbi ndiye aliyeleta habari, mbio, ukurasa mmoja mkononi alioupata kwa mhudumu wa ofisi.

"Kibao! Umeandikwa!"

"Nimeshtakiwa?"

"Umeandikwa kitabuni, mjinga wewe. Soma."

Kibao akavaa miwani. Ukurasa ulisema: *Kwa mujibu wa mtumishi mwandamizi wa hifadhi, mwandika vibao mwenye uzoefu wa miaka thelathini na mmoja, mmea uliotawala uwanda wa mawe ni gugu la kawaida linalopatikana kila mahali.*

Akasoma mara tatu. Hakuna mtu aliyewahi kumwita mwandamizi. Hakuna mtu aliyewahi kusema "kwa mujibu wa" halafu akamtaja yeye. Kuhusu gugu, moyo ulimgonga kidogo, akaunyamazisha. Binti yake, aliyefanya kazi kwenye duka la kutoa kopi, aliufunga ukurasa ule kwa nailoni, akautundika sebuleni juu ya redio. Kila aliyeingia alitakiwa kuusoma kabla ya kukaribishwa kiti.

"Baba, hata mtu wa kusoma mita ya umeme?" binti aliuliza.

"Naye ana macho."

Ukurasa uliofuata hakuwa nao, na hakuuliza.

Miezi miwili baadaye alikwenda kumsalimia Filimbi, akaingia ndani kunyoosha miguu mpaka kusini. Alikuta vigingi vyekundu. Vilikuwa vimepangwa kwa mstari juu ya uwanda wa mawe, vimefungwa kamba. Upande wa uzio tingatinga lilikuwa limeshafanya majaribio: limekwangua udongo na mawe kwa upana wa chumba, likasukuma vyote kando. Kwenye rundo lile vitunguu vidogo vilikuwa vimetapakaa, vimekauka juani. Kobe mmoja alikuwa amesimama mbele ya rundo, akigeuka huku na huku, asijue njia yake imekwenda wapi.

Kibao aliokota vitunguu mpaka mfuko wa koti ukajaa. Vingi vilikuwa vyepesi kama maganda.

"Wanajenga lango jipya," Filimbi alimweleza. "Na maegesho ya magari mia mbili. Watu wa mjini waje kwa wingi waone wanyama na mimea." Halafu, kwa kuwa hakuweza kujizuia, "Hapo ndipo lilipo gugu lako. Wamesema hapana kitu."

"Nani kasema?"

"Wewe."

Mkuu wa hifadhi alikuwa mama mwenye adabu. Alisimama Kibao alipoingia.

"Shikamoo mzee wangu. Nilikuwa karibu kukutafuta. Siku ya kufungua lango, ile njia ya miti tunaipa jina lako. Nilitaka nikuombe kibao chake ukiandike mwenyewe, maana nani mwingine ana mkono huo?"

Kibao aliliona jina lake likiwa limeandikwa kwa rangi nyeupe juu ya kijani. Mkono ukajua hata brashi ipi. Kisha akatoa mfukoni vitunguu, akaviweka juu ya meza, juu ya kioo safi, na udongo wake.

"Mama, hili si gugu."

Alieleza yote: siku ya tisa, saa kumi, nyuki, madaftari. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua ripoti, akaigeuza imwelekee.

"Lakini hili ni neno lako, mzee. Ulikosea?"

Kibao alifungua kinywa kusema ndiyo. Ilikuwa njia fupi, na imelimwa.

"Ngoja nikwambie kama mwanao," mama akasema kabla hajajibu. "Mimi siwezi kubadilisha ripoti. Anayeweza ni yule aliyeiandika, na mwisho wa kupokea marekebisho ni tarehe thelathini. Sasa ukimwandikia kwamba ulikosea, atasema mzee asiyetofautisha gugu na mmea wa maana, madaftari yake yana kazi gani? Atayaweka kando. Na una ushahidi mwingine?"

"Sina."

"Na ukisema ulijua, ukamdanganya..." Hakumalizia. Alipanga vitunguu kwa kidole, kimoja kimoja, kwenye mstari. "Hapo itabidi tutafute jina jingine la njia. Unanielewa. Siwezi kumsimamisha mbele ya wageni mtu aliyedanganya ripoti ya hifadhi."

"Nakuelewa, mama."

"Pole, mzee wangu."

"Ulimi ulikuwa wangu."

Nyumbani binti alikuwa ameshasikia kwa Filimbi, maana Filimbi hakuhitaji filimbi. Alimkuta baba mezani, madaftari ishirini na mawili mbele yake, karatasi nyeupe pembeni.

"Andika ulikosea, baba. Binadamu hukosea."

"Nikikosea mimi, yamekosea na haya yote."

"Basi acha. Mawe yale yana undugu gani na sisi? Watakuandika jina njiani. Wanangu watapita pale watasema babu yetu. Umengoja miaka thelathini na mmoja usikie mtu akikusifu, leo unakwenda mwenyewe kugonga mlango utukanwe?"

"Kwa mtu yule, tena," baba akasema. "Mwenye kalamu nne."

"Sasa kwa nini?"

Alifungua daftari la mwaka aliokuja mtaalamu, akamsogezea. Binti akasoma: *Nimemwambia gugu. Si amesoma?* Akasoma tena. Alipoinua macho hakuwa na hasira tena, alikuwa na kitu kibaya zaidi ya hasira.

"Uliandika kabisa."

"Mimi huandika kila kitu."

"Kwa hiyo ulijua. Siku zote nasoma ule ukurasa kwa wageni, nawaambia baba yangu, baba yangu... na wewe umekaa pale unajua."

Binti alikwenda sebuleni. Kibao alisikia msumari ukichomoka. Redio ilibaki peke yake chini ya alama ya mraba ukutani.

Aliandika alasiri nzima. Aliichana ya kwanza kwa sababu ilikuwa na visingizio, na ya pili kwa sababu ilikuwa na mabishano ya herufi kubwa na ndogo, yaani kesi ya vibao, na hiyo ilikuwa kesi nyingine. Ya tatu ilisema hivi:

*Bwana Mtaalamu,*

*Mimi ni yule mwandika vibao. Mmea wa uwanda wa mawe niliokwambia ni gugu si gugu, na nilijua si gugu wakati nakwambia. Sikukosea. Nilikudanganya kwa kuwa ulinicheka. Ulikuwa na haki ya kunisahihisha. Haki ya kunicheka hukuwa nayo, lakini mmea haukukucheka wala kunicheka, na ndio unaolipa.*

*Nimeuhesabu miaka ishirini na miwili. Sijauona mahali pengine popote, wala kwenye kitabu. Naweka ndani ukurasa wa daftari langu wa siku ile uliyokuja. Ni ukurasa wenyewe, si kopi, ili uone wino. Utaona nilivyoandika kuhusu wewe. Utaona pia hesabu. Ukiamini la kwanza, itakubidi uamini na la pili.*

*Mvua zikinyesha njoo siku ya tisa. Njoo saa kumi alasiri. Njoo na kiti. Ikiwa tingatinga litakuwa limetangulia, usije.*

*Jina la baba yangu sikuliandika hapa chini. Yeye hakusema uongo.*

Akatia sahihi kwa jina moja.

Kuchana ukurasa kutoka kwenye daftari kulimchukua muda mrefu kuliko barua. Hakuwahi kuchana hata mmoja. Aliuwekea rula, akauvuta polepole, na daftari zima likalegea kwenye uzi wake.

Bahasha ilikuwa moja aliyotoka nayo kazini, yenye nembo ya hifadhi, gundi yake imekauka kwa uzee. Aliilamba mara mbili, ikakataa. Akachukua kijichupa cha gundi ya mgunga aliyozoea kuigema mwenyewe kwenye mashina yale yale aliyoyafungia vibao, akaipaka kwa brashi ya herufi, akaubonyeza mfuniko kwa kiganja na kuhesabu mpaka mia.

Asubuhi alikwenda posta kwa miguu. Ilikuwa tarehe ishirini na sita. Mbingu ilikuwa tupu, bila wingu hata la kusingizia. Karani wa barua za rejista, mwanamke mwenye mafua, alimsukumia fomu bila kumtazama.

"Jina la mtumaji, mzee."

Akaandika jina lake. Karani akaichukua fomu, akairudisha.

"Mawili. Lako na la baba."

"Moja linatosha."

"Kwako. Fomu inataka mawili. Bila hivyo barua haiendi."

"Haiendi kabisa?"

"Mzee, nyuma yako kuna watu."

Aligeuka. Kweli walikuwepo, watu sita, kila mmoja na bahasha yake, na hakuna aliyeonekana kuwa na neno la kumsaidia. Akaishika kalamu iliyofungwa kwa kamba. Aliandika jina la baba yake, taratibu, kwa mwandiko wake mzuri, na alianza kwa herufi kubwa.

Karani akabandika stempu, akagonga muhuri mara mbili juu ya nembo ya hifadhi, akaitupa bahasha ndani ya gunia lililokuwa nyuma yake.

"Anayefuata," akasema.